Kwa baisikeli utaijua mito ya Embu na Meru

MUULIZE abiria aliyetoka Embu hadi Meru kwa basi amevuka mito mingapi, naye atakuna kichwa. Huenda usingizi ulimchukua Runyenjes, akazinduka Nkubu. Lakini muulize mtu aliyepita njia iyo hiyo kwa baisikeli, naye atakuhesabia kwa vidole: Ena, Thuci, Ruguti, Nithi, Mutonga, Thingithu, Kathita, na vijito vingine chungu nzima. Hawezi kuisahau mito hiyo, kwa kuwa kila mmoja aliuteremkia kwa raha na kuuacha nyuma kwa jasho.

Hiyo ndiyo siri ya nchi hii iliyo mashariki mwa Mlima Kenya. Maji yanayotoka katika misitu ya mlima huo wenye urefu wa mita 5,199 yamechimba mabonde marefu yanayokwenda sambamba. Baina ya bonde na bonde kuna mgongo wa ardhi yenye rutuba, ambako watu wamejenga na kulima. Anayesafiri kutoka Embu hadi Meru, mwendo wa zaidi ya kilomita 120, huyakata mabonde hayo moja baada ya jingine, kama mtu anayepitisha kidole juu ya meno ya kitana.

Makala haya ni ya wazazi na wanafunzi wa mijini wenye wikendi moja au likizo fupi, na ambao wangependa kuiona nchi yao kwa mwendo wa polepole. Si lazima uwe na baisikeli ya mashindano. Kinachotakiwa ni breki nzima, mapafu ya wastani na macho yaliyo wazi.

Majira yetu ya kuchipua

Katika nchi za Ulaya watu hutoa baisikeli zao ghalani theluji inapoyeyuka na maua yanapoanza kuchanua. Sisi hatuna theluji ila ile ya kileleni, lakini tuna majira yetu ya kuchipua, tena mara mbili kwa mwaka. Mvua ya masika huanza katikati ya Machi na kuendelea hadi Mei. Mvua ya vuli huanza Oktoba na kumalizika Desemba. Kati ya Juni na Agosti upande huu wa mlima hufunikwa na ukungu na manyunyu ya baridi, na ifikapo Februari vumbi ndilo hutawala.

Wakati mzuri wa kupanda baisikeli ni zile wiki za mwanzo za mvua, ambazo bahati njema hukaribiana na likizo za Aprili na za mwisho wa mwaka. Mara nyingi mvua hunyesha alasiri au usiku, asubuhi ikawa safi. Anayeondoka saa kumi na mbili na nusu hukuta vumbi limelala, hewa imeoshwa na mlima umejitokeza wote pamoja na vilele vyake vya Batian na Nelion. Asichelewe, kwani ikifika saa tatu au saa nne mawingu huwa yameshauvika kilemba.

Ajabu ya kwanza ya majira haya ni ua la kahawa. Vichipukizi vya maua hukaa vimelala wakati wote wa kiangazi. Mvua ya kutosha ikinyesha, siku kama kumi baadaye shamba zima hufunguka kwa pamoja na kuwa jeupe pepepe, likitoa harufu inayofanana na ya asumini. Maua hayo hayadumu. Baada ya siku chache hunyauka, na mkulima huanza kuhesabu miezi hadi mavuno. Aliye ndani ya gari huona weupe tu. Aliye juu ya baisikeli huipata harufu kabla hajaliona shamba lenyewe.

Na kahawa hii ina historia yake. Wakati wa ukoloni Waafrika walizuiwa kupanda zao hilo, ambalo lilitengewa walowezi. Ni katika miaka ya 1930 ambapo wakulima wa Meru, Embu na Kisii waliruhusiwa kulijaribu, miaka mingi kabla ya majirani wao wengi. Aina moja ya kahawa iliyotolewa na watafiti wa humu nchini mwaka wa 2010 ilipewa jina la Batian, kwa heshima ya kilele hicho unachokiona asubuhi.

Mvua pia huwaamsha wadudu na ndege. Kumbikumbi hutoka ardhini kwa maelfu, na kuku, ndege na watoto wote huwakimbilia. Kwera husuka viota vyao katika miti iliyo karibu na maji, huku chozi wakinyonya maua ya migomba. Mringaringa huchanua maua meupe, na wakati wa vuli mijakaranda ya mjini humwaga zulia la zambarau barabarani. Kibobakasi, ule mti wenye maua mekundu kama moto, ndio alioupanda marehemu Profesa Wangari Maathai mjini Nyeri mnamo Oktoba 2004, siku alipopata habari kwamba ametuzwa Nobeli ya amani.

Safari ya kwanza: Kupanda hadi mpaka wa msitu

Mji wa Embu uko kwenye kimo cha mita 1,350 hivi juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo, shika njia ya kaskazini inayopitia Manyatta hadi Kianjokoma, kisha uendelee kuelekea kituo cha msitu cha Irangi. Safari hii ni ya kupanda karibu mwanzo hadi mwisho, na anayechoka asione haya kushuka na kuisukuma baisikeli. Wenyeji wenyewe hufanya hivyo.

Faida ya mlima huo ni kwamba unapita katika mashamba ya aina mbalimbali kana kwamba unafungua kurasa za kitabu cha jiografia. Kwanza ni mahindi, maharagwe na migomba. Kisha ni kahawa, chini ya safu za migrevilea, mti uliotoka Australia na ambao sasa umezoea hapa hata wengi hudhani ni wa kwetu. Halafu hewa inapoa, udongo unazidi kuwa mwekundu, na ghafla kila kitu ni majani chai. Viwanda vya Mungania na Rukuriri ndivyo vinavyopokea majani ya wakulima wa Embu, na saa za asubuhi utawapita wachumaji wakiwa na vikapu mgongoni.

Chai ya mwisho, ile iliyopandwa kandokando ya msitu, haikuwekwa hapo kwa bahati. Mnamo 1986 serikali ilianzisha ukanda wa chai uitwao Nyayo ili uwe kama ua baina ya mashamba na miti. Ukiuvuka ukanda huo umefika msituni. Hapo ndipo utasikia mbega wakinguruma juu ya miti mirefu, na mto uliouona mjini ukiwa na rangi ya tope utaukuta ukiwa maji maangavu yanayopita juu ya mawe.

Usiingie msituni peke yako. Ndovu na nyati wanaishi humo, nao hawana mzaha na baisikeli. Zungumza kwanza na walinzi kituoni, wakuelekeze mahali salama pa kupumzika na kula chakula chako.

Safari ya pili: Kuteremka Mbeere

Wanaopendelea mteremko wageuze usukani upande wa pili. Kutoka Embu, njia ya kwenda Siakago inaiacha kahawa nyuma na kuingia nchi kavu ya Mbeere. Joto huongezeka kwa kila kilomita, na chini ya saa tatu za mwendo wa kawaida mtu huona kana kwamba amehamia mkoa mwingine.

Huku kuna miembe, migunga na mashamba ya mtama, kunde na pojo. Wakulima wa huku huitegemea zaidi mvua ya vuli kuliko ya masika, kwa hiyo mwezi wa Novemba ndio bora kwa safari hii. Vichaka vilivyokuwa vikavu kama kuni mwezi uliotangulia huwa vimejaa majani mabichi na maua madogo ya njano na meupe. Utaona mizinga ya nyuki ikining'inia mitini, mbuzi wakiruka kando ya njia, na hondohondo wenye midomo mikubwa wakiruka kutoka mgunga mmoja hadi mwingine. Hapa pia ndiko nyumbani kwa muguka, ambao umewapa wenyeji riziki na kuzua mabishano makali kwingineko nchini.

Mbele yako utauona mlima wa Kiang'ombe, ambao ni kisiwa cha msitu katikati ya nchi kavu. Beba maji ya kutosha, na upange kurudi kwa matatu baisikeli ikiwa imefungwa juu. Mteremko uliokuchekesha asubuhi hauchekeshi tena ukiupanda saa nane mchana.

Safari ya tatu: Kuivuka Ikweta

Upande wa Meru, safari fupi na yenye sifa ni ile ya Nkubu hadi mjini Meru. Nkubu iko kusini mwa Ikweta na Meru iko kaskazini, hivyo mwanafunzi anaweza kuhama nusu moja ya dunia hadi nyingine kabla ya staftahi. Pana kibao kando ya barabara ambapo wasafiri hupenda kupiga picha. Kwa kuwa hii ni barabara kuu, iwe ya watu wazima na wanafunzi wakubwa, tena alfajiri ya Jumapili magari yakiwa machache.

Mjini Meru utaupata mto Kathita, soko la Gakoromone lenye ndizi za kila aina, na jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka wa 1974. Ukisalimiwa "Muga" njiani, itikia kwa sauti, maana mwendesha baisikeli asiyejibu salamu huonekana ni mtu wa majivuno.

Nje tu ya mji ndipo ulipo msitu wa Imenti. Humu humea muuru, mti wa asili wa sehemu hizi ambao mbao zake zinafahamika madukani kwa jina la Meru oak. Ndani ya msitu huo limo ziwa dogo la Nkunga, ambalo wenyeji wameliheshimu tangu jadi. Kama ilivyo Irangi, hapa pia ndovu hupita, kwa hiyo omba mlinzi wa msitu akuongoze. Anayeendelea kwa njia ya Maua hufika Nchiru, yaliko makao ya baraza la wazee la Njuri Ncheke pamoja na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru. Wanafunzi wa chuo hicho, na wenzao wa Chuka na Embu, wana bahati ambayo wengi wao bado hawajaitambua: mandhari haya yako mlangoni mwao.

Barabara kuu si uwanja wa michezo

Sasa tuseme ukweli. Mbona basi barabara hizi hazijai baisikeli?

Zamani zilijaa. Ile baisikeli nzito nyeusi iliyoitwa Black Mamba ndiyo iliyopeleka kahawa kiwandani, maziwa sokoni na mgonjwa hospitalini. Baadaye pikipiki zilichukua nafasi yake, hasa baada ya mwaka wa 2008 serikali ilipopunguza kodi ya pikipiki ndogo. Lakini sababu ya pili ni hofu, nayo ni hofu ya haki. Barabara kuu ya Embu hadi Meru ina kona na miteremko mikali, na kandokando yake nafasi ya baisikeli ni finyu.

Daraja la Nithi, katika Kaunti ya Tharaka-Nithi iliyotokana na Meru ya zamani, linajulikana nchini kote kwa huzuni. Tarehe 24 Julai 2022 basi lilipoteza mwelekeo hapo na kutumbukia bondeni, na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha. Hiyo haikuwa ajali ya kwanza mahali hapo. Ikiwa mteremko huo huwashinda madereva wenye uzoefu, si mahali pa kumpeleka mtoto wa darasa la saba na baisikeli yake.

Kwa hivyo, sehemu ya kutoka Chuka hadi Chogoria ipite ndani ya gari, baisikeli zikiwa juu. Kwingineko tumia njia za vijijini zinazounganisha viwanda vya chai na vya kahawa. Ni za mchanga na changarawe, mvua ikinyesha huteleza, lakini magari ni machache na kila mtu hukusalimu. Na viongozi wa kaunti wanaozungumza kila mwaka kuhusu kuvutia watalii wakumbuke kwamba njia ya baisikeli kando ya barabara si anasa. Mtoto anayekwenda shule angeitumia siku tano kwa wiki, mtalii angeitumia Jumamosi.

Wanaodhani kwamba baisikeli ni mchezo wa wageni wakumbuke kisa cha Chris Froome. Alizaliwa Nairobi mwaka wa 1985, akafunzwa na Mkenya David Kinjah katika njia za vijijini karibu na mji wa Kikuyu, na baadaye akashinda mashindano ya Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Njia alizoanzia hazikuwa bora kuliko hizi za Embu na Meru.

Mto una mwenyewe

Huenda msomaji akauliza, mito hii inanihusu nini mimi ninayeishi Nairobi au Mombasa? Inakuhusu sana.

Mto Rupingazi, unaopita kando ya mji wa Embu, huungana na Thiba, nao Thiba, baada ya kunywesha mashamba ya mpunga ya Mwea, humiminika katika bwawa la Kamburu. Bwawa hilo, lililoanza kuzalisha umeme mwaka wa 1974, ni mojawapo ya mabwawa ya mto Tana yanayowasha taa nyumbani kwako. Mito mingine, kama vile Mutonga na Kathita, huingia Tana chini zaidi, kisha maji yake hupita Garissa na Hola hadi Bahari Hindi karibu na Kipini. Tone lililodondoka kwenye jani huko Irangi laweza kumfikia mvuvi wa Pwani.

Lakini mito haitoki hewani. Mnamo 1999 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilifanya uchunguzi kwa ndege juu ya misitu ya Mlima Kenya na Imenti, na yaliyoonekana yalishtua taifa: zaidi ya miti 6,700 ya kampfa ilikuwa imekatwa, na msitu ulikuwa umetobolewa kwa tanuri za makaa na mashamba ya bangi. Mwaka uliofuata ulinzi wa msitu uliimarishwa, na chunguzi za baadaye zilionyesha kwamba sehemu nyingi zimeanza kupona. Hilo ni jambo la kutia moyo. Kinachotia wasiwasi ni barafu ya kileleni. Barafu ya Lewis, iliyo kubwa kuliko zote mlimani, ilipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Barafu inapotoweka, msitu ndio unaobaki kuwa tangi letu la maji.

Mambo haya mtoto husomeshwa darasani, akayakariri, akayasahau baada ya mtihani. Lakini mtoto aliyeona kwa macho yake maji maangavu pale juu na maji ya tope pale chini, siku moja hiyo hiyo, hahitaji kukaririshwa.

Kabla ya kuondoka

Wazazi, yakagueni haya usiku wa kuamkia safari. Breki zote mbili zishike. Tairi zijae upepo, na pampu pamoja na viraka viwe ndani ya mfuko. Kila mtu avae kofia ngumu na nguo ya rangi inayoonekana kwa mbali. Koti la mvua lisikose hata kama jua linawaka. Chakula kiwe chepesi, kwani ndizi, viazi vitamu na mahindi ya kuchoma hupatikana njiani. Msipange kupita kilomita 30 kwa siku ya kwanza, na mwe mmekwisha kufika mwendako kabla ya saa nane, mvua isije ikawakuta mlimani.

Tena mpeni kila mtoto daftari dogo na kalamu. Kazi yake iwe moja tu: kuandika jina la kila mto mtakaouvuka, na rangi ya maji yake siku hiyo. Pasipo na kibao, amuulize mwenyeji. Mwaka ujao mkirudi, linganisheni. Mkikuta maji yamezidi kuwa mekundu, mtajua kwamba huko juu kuna anayekata mti au anayelima ukingoni mwa mto, na mtakuwa na haki ya kuuliza.

Wahenga walisema tembea uone. Likizo ijayo, basi, tembeeni polepole ili mpate kuona.